Tani Moja

Mwezi wa Mei, hapa Mérida, ukuta wa magharibi
unashika joto kama kinyongo:
saa nne za usiku, jua lishasahaulika,
ukiugusa bado unakujibu.

Eleuterio alinunua kikubwa.
Tani mbili, kwa chumba cha hatua tano kwa sita.
Muuzaji alimwambia kikubwa hakijutishi,
naye mume wangu alikuwa mtu wa kununua viatu vya kumpwaya
ili kwa bei ileile apate ngozi zaidi.

Mashine ile ilikuwa na pupa.
Iliunguruma dakika nne, chumba kikawa jokofu,
ikazima.
Dakika sita, jasho.
Ikaunguruma tena.
Usiku kucha ikiamka, ikilala, ikiamka,
kama mgonjwa asiyejua anachotaka,
na bili ya umeme niliisoma nimekaa.

Baridi tulikuwa nayo. Ukavu hatukuwa nao.
Hewa ilipoa kabla haijakamuliwa,
ikabaki kama nguo iliyoanuliwa mbichi.
Shuka zilinata. Kofia zake za ukindu
ziliota ukungu wa kijani kwenye ukingo,
naye akasema ni mvua tu.

Mashine imekufa miezi tisa baada yake.

Wilberth Pech amekuja na futi ya chuma,
penseli sikioni, viatu ameviacha mlangoni.
Hakuanza na bei.
Alipima urefu wa dari: mita nne na nusu.
"Joto linapanda huko, liache likae.
Tunapoza watu, bibi, si popo."
Alipitisha karatasi chini ya mlango,
ikateleza hadi uani kama barua.
Akauliza dirisha linaangalia wapi,
paa ni zege tupu au lina chokaa,
televisheni ni ya saa ngapi kwa siku.

"Na wanalala watu wangapi?"

Wawili, nikasema.
Kinywa kilinitangulia.
Penseli ikaandika mbili.

Kuna kulabu nne ukutani. Machela moja imetandwa,
ya pili imefungwa fundo tangu Agosti.
Aliiona. Najua aliiona,
kwa sababu aligeuka akalipima dirisha upya.

"Mtu aliyelala," akasema akiliambia dirisha,
"hutoa joto kama balbu moja ya zamani.
Mtu mmoja habadilishi sana hesabu."

Nilitaka kumwambia apige tena hiyo hesabu yake.

"Tani moja," akasema.
Nikabishana kwa sauti ya Eleuterio, maneno yake hasa:
Kwa joto hili? Tani moja?
Akacheka. "Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.
Kikubwa kinashiba upesi, kinalala, maji yanabaki hewani.
Kidogo mno nacho kitakimbia hadi Oktoba bila kufika.
Hiki kitatembea.
Na ni katika kukawia huko ndipo maji yanapotoka.
Ila kwanza paka paa chokaa, mlango uvishe mpira,
weka pazia zito upande ule wa jua.
Chokaa ni rahisi kuliko tani."

Chokaa nilipaka mwenyewe, alfajiri mbili,
kitambaa kichwani, miguu ikiniunguza saa mbili na nusu tu.

Sasa kiyoyozi hakiungurumi.
Kinanong'ona moja kwa moja, kama mtu anayehesabu shanga,
na uani bomba lake jembamba linadondosha
tone, tone, kwenye ndoo.
Asubuhi naikuta imefika nusu.
Maji haya yote yalikuwa kitandani kwetu, miaka kumi na moja,
na sisi tukigombana nani alale karibu na dirisha.
Naumwagilia mndimu. Haujali yametoka wapi.

Usiku wa tatu nilipanda kiti
nikalifungua lile fundo.
Si kwa ajili ya mtu.
Kamba nazo hupata ukungu.